Mtihani wa Upepo wa Mwaka 2000
Mwaka 2000, katika kituo cha NASA Ames, California, mtambo wa upepo wenye mapanga mawili na kipenyo cha takriban mita 10 ulisimamishwa ndani ya handaki la upepo lililo kubwa kuliko yote duniani, lenye kimo cha mita 24 na upana wa mita 36. Walioupeleka ni maabara ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL. Huko nje upepo hautulii, na hesabu zikipishana na vipimo hujui kosa liko wapi. Humu ndani upepo uliendeshwa kwa kasi iliyopangwa, kuanzia mita 5 hadi 25 kwa sekunde.

Kisha NREL wakafanya jambo la kiungwana: wakayaficha matokeo. Wataalamu wa Marekani na Ulaya walipewa umbo la mtambo na kasi za upepo, wakatakiwa wakokotoe wenyewe. Majibu yalipowekwa kando ya vipimo, yalishtua. Katika upepo wa wastani tu, makadirio ya umeme yalitawanyika kati ya asilimia 25 na 175 ya kilichopimwa. Upepo ulipokuwa mkali, hewa ikibanduka mgongoni mwa panga, yalifika asilimia 275.

Walio wengi walitumia njia nyepesi, zinazotegemea majedwali ya vipimo vya bawa lisilozunguka. Niels Sørensen na wenzake wa maabara ya Risø, Denmark, walikokotoa mwendo wa hewa yote kuzunguka panga, na makadirio yao yakawa miongoni mwa yaliyokaribia vipimo zaidi.

Hata hivyo kompyuta haiwezi kufuata kila kizunguzungu cha hewa. Tangu Osborne Reynolds, mwaka 1895, wanahisabati huchukua wastani wa mwendo, na athari ya msukosuko uliobaki hukadiriwa kwa modeli. Modeli ya k-epsiloni, iliyoenezwa na Launder na Spalding wa London miaka ya 1970, hufaa mbali na panga. Karibu na panga huiacha hewa ing'ang'anie hata pale inapopaswa kubanduka. Ya k-omega, ya Wilcox mwaka 1988, ni hodari karibu na panga lakini huyumbishwa na thamani zinazowekwa kwa hewa ya mbali. Florian Menter alizifunga pamoja, kila moja mahali pake, akaweka na kikomo cha mkazo wa msukosuko. Modeli yake, SST, ilichapishwa mwaka 1994, naye aliiunda akiwa huko huko Ames. Ndiyo waliyoitumia watu wa Risø.

SST haikumaliza kazi. Huichukulia hewa kuwa imevurugika tangu ukingo wa mbele, ilhali sehemu ya panga hupitiwa na hewa tulivu. Menter na mwenzake Langtry walilishughulikia hilo baadaye. Mwaka 2002 Risø walijaribu njia ghali zaidi, inayofuata vizunguzungu vikubwa kimoja kimoja, kwa panga lililosimama. Picha zilisheheni mizunguko mingi zaidi, ila wastani wa nguvu kwenye panga haukukaribia vipimo kuliko ule wa SST. Kwa hiyo ukioneshwa picha za uigaji za kuvutia, uliza kwanza zimewekwa kando ya kipimo gani.