Santuri, Kaseti na Duka la Mtandaoni: Jina la Mtunzi Katika Nyimbo za Kale, Korogwe na Handeni

Makala haya yahusu jambo ambalo wachunguzi wa historia ya Kiswahili hawakulitazama sana: namna mtu wa bara, aishiye mbali na vilabu vya taarabu vya Unguja, Mombasa na Tanga, alivyoupata wimbo, alivyoununua, na alichokijua kuuhusu baada ya kuulipia. Mengi yamekwisha andikwa kuhusu waimbaji. Machache mno yameandikwa kuhusu wanunuzi. Nimechagua Korogwe na Handeni kwa sababu ya reli na mashamba ya katani, na, sioni haya kusema, kwa sababu ndiko kwetu.

Reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mkonge wenyewe uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na baada ya muda si mrefu mashamba yakaenea pande zote za reli hiyo. Wafanya kazi walitoka mbali: Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde na wengine wengi walikutana na wenyeji, yaani Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Kila kabila lilikuwa na ngoma yake. Mdumange wa Kisambaa haukuwa na maana kwa Mmakonde aliyeshuka jana. Walakini wimbo wa Kiswahili uliweza kusikilizwa na wote, na kwa hiyo uliweza kuuzwa kwa wote. Handeni haikupitiwa na reli. Huko nyimbo zilipanda kutoka Korogwe pamoja na chumvi, nguo na mafuta ya taa, kwanza vichwani mwa watu, kisha juu ya malori.

Bidhaa ya kwanza ya namna hii ilikuwa sahani ya santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kuimbia kampuni ya His Master's Voice, na karibu na mwaka 1930 makampuni ya Odeon na Columbia nayo yakaja kutafuta waimbaji wa pwani. Habari za Siti mwenyewe zajulikana vyema, kwa kuwa Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliandika maisha yake. Ninalotaka msomaji alizingatie hapa ni ile sahani. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu na kitu. Taarabu ya karamuni haina haraka: vyombo hutangulia, mwimbaji huingia kwa utaratibu, beti hurudiwa, mtunzaji huinuka na fedha yake mkononi. Yote hayo hayakuweza kuingia katika dakika tatu. Basi ama wimbo uligawanywa pande mbili, ama beti zilipunguzwa. Anayedhani kwamba santuri za zamani zimetuhifadhia tungo nzima nzima anakosea. Mara nyingi zimetuhifadhia kiasi kilichoingia.

Sahani hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uletwao kutoka India, zikawa nzito na zenye kuvunjika upesi. Sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila baada ya kupigwa upande mmoja au miwili, na mwenye ubahili aliyeitumia sindano moja mwezi mzima alizikwangua sahani zake mpaka mwimbaji akasikika kama anaimba ndani ya mvua. Wazee wa Manundu niliozungumza nao wanakumbuka kwamba santuri ziliwekwa dukani pamoja na khanga, taa na vipuri vya baiskeli, na kwamba mwenye duka alipiga sahani moja mchana kutwa ili watu wakusanyike. Hivyo ndivyo wimbo ulivyogunduliwa: kwa kusimama barazani. Aliyetaka kuununua hakutaja namba ya sahani. Alimwimbia mwenye duka maneno ya mwanzo au kiitikio, naye mwenye duka, ambaye huenda hakujua maana ya nusu ya maneno hayo, aliinua mkono akaitoa sahani ile ile.

Kibandiko cha katikati ya sahani kilikuwa na jina la kampuni, namba, jina la wimbo na jina la mwimbaji. Jina la aliyetunga mashairi aghalabu halikuwapo. Kampuni ilimlipa aliyesimama mbele ya chombo cha kunasia sauti, na huyo ndiye iliyemwandika. Yafaa ikumbukwe kwamba katika taarabu mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili, na kwamba wako watunzi mashuhuri ambao hawakuimba hata siku moja.

Tena maandishi ya vibandiko yalikuwa ya kila namna. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kusawazisha tahajia. Lakini makarani wa makampuni ya santuri hawakuwa wanafunzi wa Kamati. Waliandika walivyosikia. Heri na kheri, kanga na khanga, taarab na taarabu. Jina la Siti likapata t moja au mbili. Na neno kama rohoyo, ambalo mshairi hulitamka kwa pumzi moja, likakatwa vipande viwili au likageuzwa kuwa roho yako na kuharibu mizani. Kwa mnunuzi wa Korogwe haya hayakuwa kitu, maana yeye alinunua kwa sikio. Tutaona kwamba mjukuu wake hakuwa na bahati hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara iliangukia mikononi mwa makampuni ya papa hapa, ya Nairobi na Mombasa. Katika miaka ya 1960 Tanga ilitoa vilabu viwili, Black Star na Lucky Star, vilivyopunguza wapigaji, vikaingiza gitaa, na kuleta taarabu nyepesi iliyotikisa mwambao wote mpaka Mombasa. Sauti ya Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ilitoka katika vilabu hivyo. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilitolewa Mombasa na duka la Assanand kwa alama ya Mzuri, zikaja Korogwe kwa basi. Wakati huo radio nayo ilikuwa imekwisha ingia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania mwaka 1965. Radio ilirekodi nyimbo nyingi kuliko kampuni yoyote, na mtangazaji mara kwa mara alimtaja mtunzi. Ila maneno ya mtangazaji hayakai. Hupita na upepo.

Kaseti sitaisemea sana. Ilimpa mtu wa Handeni uwezo wa kuwa na nyimbo 20 mfukoni kwa bei ya chakula, na ilimnyang'anya mwimbaji karibu kila senti. Kibandiko chake kiliandikwa kwa kalamu ya wino na kijana wa kibandani: "Taarabu Mchanganyiko No. 4". Mtunzi alikuwa hayumo tangu zamani. Sasa na mwimbaji akatoka.

Nilipokwenda Ulaya kusomea shahada ya uzamivu, nilikuta biashara nyingine kabisa. Duka la iTunes lilikuwa limefunguliwa mwezi Aprili 2003, kwanza kwa wateja wa Marekani, wimbo mmoja senti 99, na mfano wake ulikuwa umeenea. Mtu alikaa kitandani, akatafuta, akasikiliza sekunde 30, akalipa, akapakua. Mwenzangu wa chumba cha jirani alikuwa mpenzi wa muziki wa kale wa Ulaya, na malalamiko yake yalinifunza zaidi kuliko semina kadhaa. Maduka hayo, alisema, yalijengwa kwa nyimbo za vijana: msanii, wimbo, albamu, basi. Simfonia ya Beethoven ina mtunzi, ina okestra, ina kiongozi wa okestra, pengine ina waimbaji wanne na kwaya; duka likawa na nafasi moja ya jina. Mahali pamoja msanii akawa ni Beethoven, aliyefariki mwaka 1827. Mahali pengine kiongozi wa okestra. Mahali pa tatu okestra yenyewe. Simfonia iliyo kitu kimoja ikauzwa vipande vinne kana kwamba ni nyimbo nne.

Lakini wapenzi wa muziki huo walikuwa na fedha na walikuwa na kelele. Kampuni ya Deutsche Grammophon ikafungua duka lake lenyewe la kupakua mwezi Novemba 2007, likiwa na albamu zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zilikuwamo mamia zilizokuwa haziuzwi tena madukani. Kampuni nyingine za muziki huo nazo zilikuwa na maduka ya namna hiyo, ambamo jina la mtunzi lina mahali pake na kijitabu cha maelezo hupakuliwa pamoja na sauti. Nilimwonea wivu jirani yangu, nakiri. Kwa maana tatizo lake na tatizo langu lilikuwa moja: muziki ambao jina moja haliutoshi. Yeye alijengewa duka. Mimi niliendelea kutafuta taarabu ya Tanga katika rafu iliyoandikwa "muziki wa dunia", kana kwamba Beethoven ni wa sayari nyingine.

Si kwamba hapakuwa na kazi njema. GlobeStyle ya London ilitoa mwaka 1989 mkusanyo wa rekodi za Black Star na Lucky Star, na Buda Musique ya Paris ilianza mfululizo wake wa Zanzibara mwaka 2005, wenye vijitabu vilivyoandikwa kwa bidii. Wimbo nilioutafuta mimi ulikuwa katika mkusanyo mwingine, nisioutaja. Nilikuwa nimeusikia utotoni nyumbani kwa shangazi yangu, Handeni. Niliandika jina lake kwa tahajia sanifu, kama mwalimu wa lugha apasavyo. Duka likanijibu kwamba hakuna kitu. Nikaandika kwa h, bila h, kwa kuunganisha, kwa kutenganisha. Usiku wa tatu niliupata, umeandikwa kwa kosa ambalo, nilivyokuja kuona baadaye, lilikuwa limenakiliwa herufi kwa herufi kutoka kibandiko cha santuri. Nikabonyeza kusikiliza. Sekunde zile 30 zilikuwa fidla na gitaa tu. Mwimbaji alikuwa hajafungua kinywa. Babu yangu barazani alipewa wimbo mzima bure kabla ya kuamua. Nililipa kwa imani.

Likizo iliyofuata nilipanda Handeni, nikiwa na wimbo katika simu. Baada ya shikamoo na chai nikaupiga. Shangazi alisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua kichwa mpaka mwisho.

"Wameukata," akasema. "Ubeti wa tatu haumo."

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo ulivyo katika rekodi. Akasema yeye haijui hiyo rekodi. Wimbo aliusikia harusini Korogwe, kilabu kilipoletwa kutoka Tanga, na ubeti wa tatu ndio uliowaliza watu. Akausoma, hakuuimba. Mizani ilikuwa kamili na vina vyake vilishikana na vya beti nyingine. Kisha nikamsomea lililoandikwa dukani: jina la kilabu, na mahali pa mtunzi pakiwa patupu.

"Mwanangu, kilabu hakitungi. Mtu ndiye atungaye." Akanitajia mtu, na mtaa aliokuwa akikaa.

Jina hilo silichapishi hapa, wala jina la wimbo, kwa kuwa shahidi ni mmoja, na jarida la taasisi si mahali pa kumrithisha mtu mali kwa ushahidi wa mmoja. Kwa maana ni mali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, yamtambua mtunzi wa maneno kuwa mwenye haki mbali na mwimbaji, na haki hiyo yaendelea kwa warithi wake miaka mingi baada ya kufa kwake. Lakini malipo hufuata jina. Kila rekodi iuzwayo mtandaoni hupewa msimbo uitwao ISRC, nao hutambulisha rekodi, yaani sauti iliyonaswa. Hausemi lolote kuhusu aliyeketi akatunga. Pale penye nafasi tupu, fedha haina kwa kwenda.

Leo kijana wa Handeni hapandi basi kufuata wimbo. Malipo ya simu yaliyoanza nchini mwaka 2008, na mkonge wa baharini uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, hapa nikimaanisha waya wa mawasiliano na si katani, vimeleta duka mkononi mwake. Mdundo ya Nairobi imekuwapo tangu mwaka 2013. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021, nayo haiuzi wimbo bali huukodisha. Na wengi bado hupeleka kadi ya simu kibandani wakajaziwa nyimbo mia kwa malipo kidogo. Nilimwuliza mwenye kibanda mmoja wa Manundu jinsi anavyoziita taarabu za zamani katika mashine yake. Akanionyesha: zote zilikuwa katika kifuko kimoja, kilichoitwa "za bibi".

Niliandikia duka lililoniuzia wimbo wangu, nikaeleza kosa la tahajia na nafasi tupu ya mtunzi. Nilijibiwa kwa adabu kwamba maelezo hutoka kwa mwenye rekodi na duka halina uwezo wa kuyabadili. Katika nakala yangu mwenyewe, hata hivyo, programu iliniruhusu. Nilisahihisha jina la wimbo, na mahali pa mtunzi nikaandika jina alilonitajia shangazi, nikatia alama ya kuuliza mbele yake. Ubeti wa tatu nimeuandika katika daftari, kwa kuwa programu haikuwa na mahali pa kuuweka. Mwaka huu natazamia kwenda Tanga, katika mtaa ule, kumtafuta shahidi wa pili.