Mkuki Si Jiwe Tupu

Mwaka 2024 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwamo Scott Byram, walidai kwamba mikuki yenye ncha za Clovis, ncha za mawe za wawindaji wa kale wa Amerika, haikuwa lazima irushwe. Kitako kilikitwa ardhini, ncha ikamwelekea mnyama anayeshambulia, naye akajichoma kwa uzito wake mwenyewe. Habari ilisambaa haraka, kwa kuwa mnyama mwenyewe ni mamothi. Mimi sijashawishika kuhusu kukita, lakini nawashukuru kwa kuturudisha kwenye mti, mfupa na kano. Miaka mingi mjadala umekwama kwenye jiwe, kwa sababu jiwe ndilo lililosalia.

Ugunduzi wa ncha za namna hii wengi wanaujua. George McJunkin, mchunga ng'ombe mweusi aliyezaliwa utumwani Texas, aliona mifupa mikubwa korongoni karibu na Folsom, New Mexico, baada ya mafuriko ya 1908. Alifariki 1922, ncha ikakutwa kati ya mbavu za nyati wa kale 1927, na sifa wakazichukua wengine. Ncha za Clovis, zilizokutwa pia jimbo hilohilo, ni kongwe kuliko za Folsom: takriban miaka 13,000.

Ncha za aina zote mbili zina mfuo, yaani kovu la kibanzi kirefu kilichobanduliwa kuanzia kitako cha ncha kwenda juu. Kwenye Clovis huishia theluthi moja hivi ya urefu. Kwenye Folsom hukaribia kufika nchani. Ni hatua ya hatari: mafundi wa leo wanaoiga kazi hii huvunja ncha nyingi zilizobakiza kidogo kukamilika. Sasa kwa nini mtu ajitie hasarani hivyo?

Waliosema ni mchirizi wa kutolea damu, kama wa singe, tuwaache. Mfuo wa Clovis ulifunikwa na uti na kano. Damu ingepita wapi? Maelezo ya 2017 ya Kaitlyn Thomas na wenzake yana uzito zaidi: kitako chembamba hupondeka kidogo kikipokea kishindo, na ncha iliyobaki ikanusurika. Hata hivyo, ushahidi ninaouamini kuliko wote unaonekana kwa macho. Kingo za chini za ncha hizi zimesagwa zikawa butu. Hakuna fundi anayeua makali aliyoyatolea jasho bila sababu, na sababu hapa ni kano zilizofunga ncha kwenye mpini, zisije zikakatwa.

Halafu kuna vijiti vya mfupa. Huko Anzick, Montana, mwaka 1968, vilikutwa pamoja na ncha za Clovis na mifupa ya mtoto, miisho ya vijiti hivyo ikiwa imechongwa mshazari. Larry Lahren na Robson Bonnichsen waliandika 1974 kwamba ni vipande vya mbele vya mkuki: mwindaji anachoma, kipande kinabaki mwilini mwa mnyama, uti anaurudisha na kuuchomekea kingine. Wapo wanaoviona kuwa kabari au zana za kubanjulia. Sawa, lakini wawindaji waliobeba mzigo wao mgongoni walihitaji uti mmoja na ncha nyingi.

Aliyeijaribu mikuki ya namna hii kwa mikono yake ni George Frison wa Wyoming, mfugaji na mwindaji kabla ya kuwa msomi. Alikwenda Hwange, Zimbabwe, tembo walipokuwa wakipunguzwa, akachoma mizoga kwa mikuki ya kuiga, mingine akiirusha kwa kirushio cha mti. Ncha zilipenya ngozi, na baadhi zilitumika tena. Mwaka 2021 Metin Eren na wenzake, waliotegemea majaribio ya kulenga udongo, walitilia shaka uwezo huo na kuziona ncha hizi zaidi kama visu. Udongo hauna ngozi wala mbavu. Ni kweli, mzoga nao haukurupuki. Hata hivyo nasimama na Frison.

Linalonisumbua katika hoja ya kwamba mfuo ulisaidia kufunga ncha kwenye mpini liko Uarabuni. Manayzah, Yemen, na Ad-Dahariz, Dhofar, Oman, zimetoa ncha zenye mfuo za miaka 8,000 hadi 7,000 iliyopita, bila uhusiano wowote na Amerika. Rémy Crassard na wenzake walionyesha 2020 kwamba mfuo wake mara nyingi ulianzia nchani. Huo haukusaidia kufunga chochote. Wao wanasema fundi alikuwa akionyesha ustadi.

Wengine wameitumia hoja hiyo kwa Folsom, ambako mfuo unapita mbali. Stanley Ahler na Phil Geib walikuwa na jibu tangu 2000: mfuo mrefu uliruhusu sehemu kubwa ya jiwe kuzama ndani ya mpini, na ncha ikivunjika inasukumwa mbele, inanolewa, kazi inaendelea.