Lile tundu la boneti ya Subaru halikuwekwa kwa ajili ya sifa

Wadau, kila mtu mjini analijua lile tundu kwenye boneti ya Subaru. Wengi wanajua ni la mbwembwe tu. Chini yake kuna intakula, na kukaa kwake pale kuna stori.

Tabo inabana hewa, na hewa ikibanwa inapata moto, inaweza kuvuka nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake ndogo, halafu inafanya mafuta yalipuke kabla ya wakati. Intakula ni rejeta ya hewa: inaipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Sasa uiweke wapi? Hapo ndipo Wajapani walipogawanyika.

Subaru Legacy RS ya 1989 ilikuwa na intakula ya kupozwa kwa maji. Ilipokuja Impreza WRX mwaka 1992, wakaweka ya upepo, juu ya injini, ndiyo maana boneti ikatobolewa. Ilikuwa akili. Injini yao imelala, kwa hiyo juu kuna nafasi, mabomba yanakuwa mafupi, ukikanyaga gari linaitika fasta. Mwaka huohuo Mitsubishi wakatoa Lancer Evolution, intakula mbele kabisa kwenye bampa inakokula upepo mbichi.

Walioumia ni Nissan. Pulsar yao ya GTI-R ilikuwa kagari kadogo kenye injini ya lita 2 iliyojaa hadi pomoni, na intakula wakaiweka juu ya injini hiyohiyo. Ikawa inapikwa badala ya kupoza. Wakaingia nayo kwenye rally za dunia 1991 na 1992, matokeo yao makubwa yakawa nafasi ya tatu kule Sweden, wakafunga virago.

Subaru wao walitamba, mwaka 1995 wakabeba ubingwa. Lakini kanuni za zamani zililitaka gari la mashindano lifanane sana na la dukani. Mwaka 1997 kanuni zikalegezwa, na hao hao Subaru wakaihamishia intakula mbele! Gari hilo, mikononi mwa dereva mmoja Mskoti, likashinda Safari Rally hapo Kenya mwaka huohuo. Za dukani zikabaki na tundu lao, na baadhi ya STI zikapewa kitufe cha kuirushia intakula maji. Ukiona kiwanda kinauza gari na maji ya kulipooza, jua joto lilikuwepo.

Sasa njoo kwenye foleni ya Dar au Nairobi. Gari limesimama, upepo hakuna, joto la injini linapanda juu na intakula inageuka jiko. Ndiyo maana masela wanaihamishia mbele. Sawa, ila mabomba yanarefuka, tabo inachelewa kidogo kuitika, rejeta inazibwa upepo, na ukigonga gari la mbele, intakula ndiyo ya kwanza kupasuka.

Balaa zaidi ni kwenye kompyuta ya gari. Imepangwa kwa mabomba ya kiwandani. Ukibadilisha njia ya hewa bila kuipanga upya, mafuta yanaweza kupungua kuliko hewa, injini inaanza kugonga, pistoni inatoboka. Hapo imekula kwako, na intakula yako bado inang'aa kwenye bampa. Kwa hiyo ukimuuliza fundi bei ya kuihamisha, muulize palepale na bei ya kupanga kompyuta. Akikwambia haihitajiki, chukua funguo zako.