Rufaa za mafao ya ulemavu: Asilimia ya daktari na siku za kusubiri

MTU aliyeumia kisha akaambiwa hastahiki mafao ya ulemavu, au kwamba ulemavu wake ni mdogo kuliko anavyouhisi mwenyewe, hubakiwa na maswali mawili: rufaa yake ataipeleka kwa nani, na atasubiri muda gani. Kwa mkaazi wa Unguja majibu hayo hayapatikani mahali pamoja. Hutegemea aliumia wapi, aliajiriwa na nani na kama alikuwa akichangiwa.

Mchukuzi wa mizigo aliyevunjika mguu bandarini Malindi, mkwezi wa minazi aliyeanguka Makunduchi na karani aliyepoteza uwezo wa kuona wote ni watu wenye ulemavu. Mbele ya sheria, hata hivyo, kila mmoja anabisha mlango wake.

Karani ndiye mwenye njia iliyonyooka zaidi. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa kwa Sheria Nambari 2 ya mwaka 1998, una fao la ulemavu kwa mwanachama ambaye amethibitishwa kitabibu kuwa hawezi tena kuendelea na kazi. Fao hilo linatokana na michango, hivyo hoja huwa mbili tu: michango ipo, na madaktari wamesema nini.

Mchukuzi, akiwa ameajiriwa, anaangukia kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Nambari 15 ya mwaka 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Mwaka huo huo wa 2005 Sheria ya Uhusiano Kazini Nambari 1 iliweka chombo cha kushughulikia migogoro ya kazi pamoja na Mahkama ya Kazi. Lakini wachukuzi wengi ni vibarua wa siku. Kibarua asiye na mkataba hawezi kuanza kubishana juu ya asilimia za ulemavu wake. Kwanza hana budi kuthibitisha kwamba siku ile alikuwa mfanyakazi wa mtu. Mashauri ya namna hii hupotea kabla hata daktari hajaulizwa.

Mkwezi ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote. Kama hakujiunga na mpango wa hiari wa ZSSF kwa watu waliojiajiri, hana mwajiri wa kumdai wala mfuko wa kumlipa kwa sababu ya kuanguka kwake. Malipo ya Serikali yasiyohitaji michango ni Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi 50,000. Hiyo haimuulizi mtu cheti cha daktari, bali umri, na umri wenyewe ni miaka 70. Mkwezi aliyeanguka akiwa na miaka 35 atangoja miaka mingine 35.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Miongoni mwa wenye umri wa miaka saba na zaidi, kiasi cha mmoja katika kila tisa alionekana kuwa na aina fulani ya ulemavu.

Baadhi ya wasomaji hudhani kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao husikika sana katika vyombo vya habari vya Dar es Salaam, unawahusu watu wa pande zote mbili za Muungano. Sivyo. Kazi na ajira si jambo la Muungano, na Sheria Nambari 20 ya mwaka 2008 iliyouanzisha mfuko huo ni ya Tanzania Bara. Ilichukua nafasi ya sheria ya zama za mkoloni ambayo, kwa miaka mingi, iliweka kikomo cha shilingi 108,000 kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa aliyefariki. Viwango hivyo havikupanda hata pale shilingi iliposhuka thamani, mpaka fidia ya mkono uliokatika ikawa haitoshi hata nauli za kuifuatilia.

Utaratibu wa WCF unaonesha wazi kwa nini rufaa za ulemavu hugombewa sana. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, mhusika hupata pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo tofauti ya asilimia 30 na 31 ni tofauti ya malipo ya mara moja na malipo ya kudumu. Fundi aliyepoteza vidole na mwalimu aliyepoteza vidole hivyo hivyo wanaweza kuandikiwa asilimia moja, ilhali mmoja amepoteza riziki yake na mwengine anaingia darasani wiki inayofuata.

Kenya imehesabu hatua zake kwa siku. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeruhi Kazini ya mwaka 2007, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu kwa maandishi, na baada ya jibu kuna siku 30 za kukata rufaa katika mahakama ya kazi. Disemba 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha uhalali wa utaratibu huo na kuhitimisha ubishi wa zaidi ya miaka 10 kuhusu kama majeruhi anaweza kumruka Mkurugenzi na kwenda moja kwa moja mahakamani. Walioumia wakati ubishi ukiendelea ndio walioyumbishwa zaidi.

Nchini Marekani hesabu za rufaa hizi hutangazwa hadharani, na si za kupendeza. Takriban theluthi mbili ya maombi hukataliwa hatua ya kwanza. Mwaka 2017 wastani wa kusubiri kusikilizwa na jaji ulipita siku 600, huku zaidi ya watu milioni moja wakiwa kwenye foleni. Tangu wakati huo muda huo umepungua sana. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo iliripoti mwaka 2020 kwamba baina ya mwaka wa fedha 2008 na 2019 watu wapatao 110,000 walifariki kabla ya rufaa zao kuamuliwa.

Kiwango cha kukubaliwa nacho hakikutulia. Mwishoni mwa miaka ya 2000 majaji walikubali zaidi ya asilimia 60 ya rufaa walizoziamua kwa kuzisikiliza. Miaka michache baadaye kiwango hicho kikashuka sana, bila ya sheria yenyewe kubadilika kwa kiwango hicho. Ukaguzi wa mwaka 2017 uligundua kwamba mwombaji mwenye mwakilishi alikuwa na nafasi karibu mara tatu ya yule aliyesimama peke yake. Uingereza, kwa upande wake, imeshuhudia katika miaka ya karibuni takriban rufaa saba kati ya kumi za malipo ya ulemavu yaitwayo PIP zikishinda mbele ya baraza la rufaa. Ikiwa saba kati ya kumi wanashinda, basi walioamua mwanzo walikosea sana, na wale ambao hawakukata rufaa waliondoka mikono mitupu wakiamini wametendewa haki.

Kwa mkaazi wa Unguja, lenye uzito kuliko yote ni barua ya kukataliwa. Jibu la mdomo kaunta halikatiwi rufaa kirahisi. Barua yenye tarehe na sababu hukatiwa. Ripoti ya daktari nayo ina nguvu zaidi inapoeleza kazi gani mgonjwa hawezi tena kuifanya, kama kubeba, kupanda, kusimama saa nzima au kusoma maandishi madogo, kuliko inapotaja jina la ugonjwa pekee. Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ), ulioanzishwa mwaka 1985, ni moja ya sehemu za kuanzia kuomba ushauri. Shauri likifika Mahkama Kuu, safari si tena ya Vuga ndani ya Mji Mkongwe, kwenye jengo lililobuniwa na J. H. Sinclair mwanzoni mwa karne ya 20, bali ni ya Tunguu, nje ya mji, na mwenye gari la magurudumu hulazimika kuipanga mapema kwani daladala za njia hiyo hazikutengenezwa kwa ajili yake.