Mpaka uwekwe wapi? Historia fupi ya moduli na pakeji za Python

Ukiwa Ngana, wilayani Kyela, Malawi si mbali: ni ng'ambo ya Mto Songwe tu. Lakini mto huu una tabia ya kuhama. Mafuriko yakija unachimba njia mpya, na kwa kuwa ndio mpaka, watu wanabaki kuulizana shamba la nani sasa liko nchi gani. Ndiyo maana Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa kuutuliza.

Sasa hebu tuhamie kwenye kompyuta, maana waandishi wa programu nao walisumbuka na swali la mipaka. Programu ikiwa ndefu lazima uigawe. Uikate wapi? Wengi walifuata hatua za kazi: kusoma data, kuipanga, kuichapisha. Mwaka 1972 David Parnas, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitoa makala iliyopinga njia hiyo. Alisema: tafuta kwanza maamuzi yanayoweza kubadilika kesho, kisha fungia kila moja ndani ya moduli yake. Yaani kinachohama kiwe ndani ya uzio mmoja, kisiwe ndio uzio wenyewe.

Guido van Rossum alianza kuandika Python Desemba 1989 huko Amsterdam, kwenye taasisi ya CWI. Alipoitoa mwaka 1991, moduli zilikuwemo tayari, wazo lililotoka kwenye lugha ya Modula-3. Na ni rahisi kweli: faili moja ni moduli moja. Ukiandika dawa.py, faili jingine linaiita kwa kusema import dawa. Basi.

Shida ilikuja programu zilipokua. Majina yakagongana: wewe una dawa.py, na mwenzako naye anayo. Toleo la 1.5, lililotoka mwishoni mwa 1997, likaingiza pakeji ndani ya lugha yenyewe: folda yenye moduli zako pamoja na faili liitwalo __init__.py. Hapo tanzania.dawa na malawi.dawa zinaweza kuishi kwenye programu moja bila ugomvi. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, folda inaweza kuwa pakeji hata bila faili hilo, ingawa wengi bado wanaliweka.

Mfano huo wa nchi mbili sikuutoa hewani. Mwaka 2007 UNICEF ilianzisha RapidSMS, jukwaa la Python la kupokea na kujibu ujumbe mfupi wa simu za kawaida. Juu yake ikajengwa ILSGateway, ambayo vituo vya afya Tanzania viliitumia kuripoti akiba ya dawa, na cStock, iliyoanza Malawi mwaka 2011 kwa wahudumu wa afya wa vijijini. Kazi ya kupokea ujumbe na kuufikisha panapohusika ni ileile pande zote za Songwe. Kinachotofautiana ni nani anaripoti na ripoti yake iende kwa nani. Kwenye RapidSMS, kazi za ziada huongezwa kama pakeji zinazojitegemea, hivyo nchi ya pili haikuhitaji kuanza na ukurasa mtupu.

Usione ni usafi wa mafaili tu. Dawa ya malaria ikiisha kijijini na anayepaswa kuileta hajui, anayeumia ni mtoto. Mfumo unaochukua miezi kurekebishwa kwa sababu orodha ya dawa imetapakaa kwenye mafaili ishirini unamchelewesha mtoto huyo huyo.

Kwa hiyo kabla hujafungua folda mpya, jiulize: orodha ya dawa ikibadilika kesho, nitagusa mafaili mangapi? Likiwa moja, mpaka wako umekaa vizuri. Yakiwa kumi, jua umejenga juu ya mto unaohama.