Maji ya Kichwani

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilicho upande wa Mwanza, alitoa riwaya aliyoiita *Kichwamaji*. Katika Kiswahili neno hilo ni tusi: humwambia mtu kwamba hana akili. Lakini riwayani yumo pia mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na maradhi yake yamefungamanishwa na mwenendo wa wakubwa. Tusi na ugonjwa vikakaa chini ya jina moja.

Historia ya tiba ina hukumu nyingine. Waganga wa kale walijua kwamba ndani ya ubongo mna vyumba. Ibn Sina (980–1037) alivigawia kazi za nafsi: mbele hisi na taswira, katikati fikra, nyuma kumbukumbu. Kwa karne nyingi, basi, mshairi alidhaniwa kutungia humo.

Leo yajulikana kwamba vyumba hivyo ni vinne, navyo vimejaa maji maangavu. Viwili vya ubavuni humimina katika cha tatu. Hicho huyapitisha katika mfereji mwembamba hadi cha nne, kisha maji huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwisho hurejea damuni. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kila siku. Kila kichwa, basi, ni kichwa maji, cha mwanachuoni na cha mjinga. Mfereji ukiziba, maji hayaachi kutengenezwa. Na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka na ubongo hubanwa.

Tiba ya kawaida ni mrija wa kuteremsha maji tumboni. Nao huweza kuziba, na hospitali ikiwa mbali, kuziba huko ni hatari ya kifo. Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alitoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, na akaunguza tishu zinazoyatengeneza. Matokeo aliyachapisha mwaka 2005. Alibaini pia kwamba wengi wa watoto hao waliugua baada ya maambukizi ya uchangani. Hapakuwa na laana wala kosa la mzazi.

Mjini Mwanza, hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, huwapasua watoto wa namna hiyo kutoka Kanda ya Ziwa. Ubongo uliokwisha kubanwa haurudi wote. Mama anayemficha mwanawe kwa kuogopa neno moja hupoteza majuma ambayo kisu hakiwezi kuyarudisha.