Kunyata si Kunyatia: Istilahi za Mchezaji Mwenye Hiari

Ingia chumba cha gemu mjini Machakos siku ya Jumamosi, utakikuta Kiswahili kazini. Vijana wanaocheza FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC ingawa jina la zamani halijawatoka midomoni, hawakosi neno: krosi, chenga, kona, kombora, ameotea. Msamiati huo ni urithi wa watangazaji wa redio, walioisimulia kandanda miaka na miaka hadi lugha ikaizoea. Sasa badilisha diski. Weka mchezo ambao mhusika wake hupenya ngomeni akikwepa walinzi, na Kiswahili kinaanza kukwama. Kila aliyeshika pedi anajua anachokifanya, ila jina la kukitaja ndilo linalokosekana.

Michezo ya namna hii inadai istilahi tatu: ya mwendo wenyewe, ya kuzitafuta njia, na ya kuamua njia ipi ifuatwe.

Tuanze na mwendo. Tafsiri inayokuja haraka ni “mchezo wa siri”, lakini siri ni habari iliyofichwa, na hadithi yoyote ya mpelelezi ina siri. “Mchezo wa kujificha” nao unatukumbusha brikicho, na hauko mbali sana na ukweli, ila aliyejificha hutulia mahali pamoja, ilhali hapa mchezaji yuko safarini. Kiswahili kina vitenzi vinavyokaribia zaidi. Kuvizia ni kukaa ukimngoja mtu apite. Kunyemelea na kunyatia ni kumwendea mtu bila yeye kujua. Kunyata ni kutembea kwa ncha za vidole ili usisikike, basi.

Nachagua kunyata. Kinachotenganisha nyata na nyatia ni kauli ya kutendea, na kauli hiyo huleta mtu wa pili: anayenyatia yuko anayemnyatia. Ukisema “mchezo wa kunyatia” umekwisha kuamua kwamba kuna windo, na kwamba mwisho wa safari ni kulirukia. Historia ya michezo hii inasema vingine. Mwaka 1987 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Metal Gear, uliobuniwa na Hideo Kojima kwa ajili ya kompyuta ya MSX2. Mashine hiyo ililemewa ikitakiwa kuonyesha maadui na risasi nyingi kwa pamoja. Kojima akaufanya udhaifu huo kuwa kanuni: maadui wawe wachache, na mchezaji awakwepe. Mwaka 1998 Looking Glass Studios ya Marekani ikatoa Thief: The Dark Project, ambamo mchezaji ni mwizi aitwaye Garrett. Chini ya skrini kuna kito kinachong’aa au kufifia kulingana na mwanga uliomwangukia. Zulia humeza kishindo cha miguu, chuma na vigae hukipaza, na mshale wa maji huzima mwenge. Mchezaji hodari ni yule anayetoka na mali bila mlinzi hata mmoja kujua kwamba alipita mtu. Huyo amenyata, na hakumnyatia yeyote.

Istilahi ya pili ni ya kuchunguza mazingira. Wengi wangesema “uvumbuzi”, na hapa Ukambani neno hilo lina historia yake. Vitabu viliandika kwamba Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, akaitwa mvumbuzi. Aliyekuwa mwenyeji wake ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara Mkamba aliyeujua mlima huo kabla ya mgeni kufika. Mvumbuzi hudai kuwa wa kwanza. Katika mchezo wa video dai hilo halina maana, kwa sababu kila ukuta, kila ufunguo na kila barua mezani viliwekwa na mtu aliyetaka vionekane. Anachofanya mchezaji ni upelelezi: anatazama na kusikiliza ili aamue. Anapanda paa, anahesabu walinzi, anasikia wanalalamikia nini, anagundua kwamba dirisha la jikoni halina komeo. Kupeleleza kuna kusudi ndani yake, na katika mchezo wa kunyata, kusudi hilo ndilo linaloufanya uzururaji uwe kazi.

Istilahi ya tatu ndiyo nzito. “Uchaguzi” lingetosha, lakini Mkenya akilisikia huwaza kura, debe, na orodha ya majina ambayo hakuiandika yeye. Michezo mingi ina uchaguzi wa namna hiyo: bonyeza hiki au kile, mlango wa kushoto au wa kulia, na yote miwili inakufikisha chumba kilekile. Neno ninalolipendekeza ni hiari. Hiari ya mchezaji ni uwezo wake wa kuamua jambo akiwa na taarifa za kutosha, kwa nyenzo alizo nazo, na mchezo ukaupokea uamuzi huo kwa kubadilika. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, kilichobaki ni uchaguzi mtupu.

Mfano unaoyaonyesha yote kwa pamoja ni Dishonored, uliotolewa na Arkane Studios mwaka 2012. Mchezaji ni Corvo Attano, mlinzi aliyesingiziwa kumuua mtawala wake, katika jiji la Dunwall lililovamiwa na tauni ya panya. Katika misheni moja ya mwanzo anatumwa kummaliza Campbell, mkuu wa watu wa dini. Akipeleleza anapata habari kwamba Campbell mwenyewe amepanga kumuua kapteni aitwaye Curnow kwa glasi ya divai yenye sumu. Mchezaji akiwahi chumbani anaweza kubadilishana glasi, Campbell akanywa alichomtengea mwenzake. Anaweza kuimwaga divai yote, na hapo Campbell hutafuta mbinu nyingine ya kumuua mgeni wake. Anaweza kuyaacha mambo yalivyo, Curnow akafa. Na iko njia ya asiyetaka kuua: kumzimisha Campbell, kisha kumpiga usoni chapa ya uasi, ili afukuzwe kwa sheria ya dini yake mwenyewe.

Taarifa zilitokana na upelelezi. Nyenzo ni pamoja na paa, vivuli, na uwezo wa kuingia katika mwili wa panya na kupita tunduni. Kuhusu mabadiliko, Dunwall huweka hesabu: ukiua sana, panya huongezeka, walinzi huongezeka, na mwisho wa hadithi unakuwa mchungu. Samuel, mzee wa mashua anayekuvusha misheni baada ya misheni, hufikia kuchukizwa nawe kiasi cha kufyatua risasi hewani ili walinzi wajue umefika. Mchezo ule ungeitwa wa kunyatia, jina lenyewe lingekuwa limemwamulia mchezaji. Kunyata humwachia uamuzi.

Faida ya istilahi hizi huonekana mtu anapotaka kutengeneza mchezo, na mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Machakos anaweza kutaka hivyo. Wakenya wameanza: Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2015 ukaja Nairobi X wa Andrew Kaggia, wa kufyatuliana risasi na wavamizi kutoka anga za juu. Atakayetaka kutengeneza mchezo wa kunyata kwa ajili ya vyumba vya gemu hapa atakutana na bei kabla ya lolote. Mteja hulipia mechi au dakika. Kandanda huenda vizuri na malipo hayo, kwa kuwa dakika zina mwisho na mshindi hujulikana. Mwenye kunyata hulipia pia muda wa kungoja mlinzi ageuke, na kitakachoumia kwanza ni upelelezi: mwenye dakika chache atakimbia, atafyatua, atapita mlango wa mbele.

Dawa haiko katika kupunguza hiari. Katika Dishonored kuna misheni ya karamu ya vinyago nyumbani kwa kina Boyle. Madada ni watatu, anayelengwa ni mmoja, na kila unapoanza upya mchezo hubadilisha ni nani. Ili umjue, unaweza kuzungumza na wageni au kupekua vyumba vya juu. Nyumba ni moja, ila haichoshi. Huo ni mfano wa kuigwa Machakos: jengo moja, milango mingi, kisa kinachokwisha kabla ya pesa kuisha, na lengo linalohama ili mteja wa pili asifaidi majibu ya wa kwanza. Mtengenezaji anayeweza kusema kwamba mchezo wake una hiari pana lakini upelelezi finyu anajua tayari ni wapi pa kuanzia marekebisho.